Gari likiziba barabara, taa za kuongozea magari za kuhangaika nazo ni zile za makutano ya nyuma

Mkuu umeuliza kwa nini gari likiharibika barabarani trafiki wasiache tu taa ya kijani upande wenye foleni hadi foleni iishe. Nimepiga ufundi wa taa kwa mkandarasi mmoja hapa Dar miaka minne, ngoja nikwambie, hapo ndo tunapojimaliza wenyewe.

Kuna asubuhi semi ya kontena ilipasukiwa tairi Magomeni, ukishavuka tu makutano ya Morogoro Road na Kawawa kama unaenda mjini. Dereva kashatandika matawi nyuma, yeye yuko chini na jeki. Leni mbili, moja imeziba. Wengi wanadhani inabaki nusu ya barabara, wapi, inabaki kama theluthi tu maana kila anayepita anapunguza mwendo achungulie halafu watu wanachomekeana pale kwenye kona ya kontena. Sasa trafiki kafungua kabati la kuendeshea taa, kazima otomatiki, kaita magari ya upande wa Ubungo dakika sita nzima. Yaende wapi sasa?? Yakajaa katikati ya makutano, wa kutoka Kinondoni wakapewa zamu yao mara mbili hata bajaji haikupenya, na basi la mwendokasi nalo likakwama kwa sababu ya pikapu moja iliyosimama kwenye njia yake maalumu.

Dawa ilikuwa Shekilango, makutano ya nyuma yake kama unatoka Ubungo, sio pale. Tukampigia mwenzetu aliyekuwa kule akakata kijani cha wanaonyoosha kuja mjini kutoka sekunde 70 hadi 30, zile zilizobaki akawapa wanaokata kushoto kwenda Sinza wakatokee Bamaga. Tulitukanwa aisee, honi mpaka basi, mtu anaona mbele yake peupe na taa bado nyekundu. Ila baada ya kama dakika 20 katikati pale Magomeni palikuwa pamefunguka na wa Kawawa wanapita.

Halafu hiki kijani kirefu watu wanachokipenda, magari yakiwa yamebanana leni moja inapitisha gari moja kila sekunde mbili hivi, lakini ule msururu ukishakwisha yanayofuata yanakuja yameachana, taa inawaka bure tu huku upande wa pili foleni imerudi mpaka imeziba taa nyingine ambayo haikuwa na shida yoyote. Ndo unakuta mtu kakwama Kinondoni kwa tairi la Magomeni.

Sydney wana mfumo wao unaitwa SCATS tangu miaka ya 1970, waya umezikwa chini ya lami unahisi magari, na taa zinajipangia muda zenyewe kila mzunguko kwa kuangalia na taa jirani. Sisi siku ile taa ziliongea kwa simu zetu na vocha ya mfukoni.

Na ile semi ilitoka saa tano, wala sio kwa bredauni, ni dereva na utingo wake walimaliza kufunga tairi.