Ganzi ya mikono kwa sisi wa nondo na grenda

Mafundi wenzangu, kama unaamka usiku wa manane mkono umekufa ganzi mpaka uukung'ute kwanza ndo vidole virudi, usikubali ile stori ya saiti eti "damu haitembei, kunywa maji mengi". Nimefunga nondo miaka hapa Dar na hii kitu naijua kwa mkono wangu wa kulia.

Angalia ni vidole gani. Ikishika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, alafu kile cha mwisho kipo poa, kuna neva inabanwa hapo kwenye kifundo cha mkono. Dokta alinielezea hivi: pale kuna kinjia chembamba, chini mifupa, juu utepe mgumu, na humo ndani zinapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na hiyo neva, sasa siku nzima unasokota waya kwa plaizi kano zinavimba, njia haitanuki, na neva ndo laini kuliko wote humo kwahiyo inaumia yenyewe. Ikiwa ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete hiyo ni neva nyingine, mara nyingi inabanwa kwenye kiwiko, na tiba yake tofauti. Ikianzia miguuni, nenda kapime sukari. Hata kama ni mikono tu pima, kisukari kinachangia sana.

Wengi wetu tunakimbilia famasi kuchomwa vitamini B. Sio mbaya kama unayo pungufu, ila vitamini haitanui njia iliyobana.

Mimi kilichonisaidia ni ile sapoti ya mkono yenye bati ndani, navaa usiku kifundo kikae kimenyooka, maana tukilala tunakunja mikono bila kujua na ndo maana ganzi inakuja usiku. Sio ya kupigia kazi, ukifanya nayo kazi unashindana nayo tu. Ikigoma kuna sindano ya steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) pale kwenye kifundo, na mwisho kuna opereshini ndogo ya kukata ule utepe wa juu. Watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Cha kuogopa ni kuchelewa: mshkaji wangu alisubiri mpaka ile nyama ya chini ya gumba ikasinyaa, akaanza kudondosha vikombe, wakampasua, ganzi ikaisha ila nguvu ya kubana haijarudi yote.

Wa breka (mashine ya kuvunjia zege), grenda na vaibreta (ya kushindilia zege) nyie mna la ziada, mtetemo. Unaharibu neva na mishipa midogo ya damu, ukienda kupiga kazi kwenye baridi kama Makete unaona vidole vinapauka asubuhi. Glavu nene hazisaidii kivile kwenye breka. Kinachosaidia ni kupokezana na mwenzako, ncha ya breka iwe kali, diski ya grenda iliyoliwa upande tupa, na usiikabe mashine, ishike tu isikutoke. Uingereza tangu 2005 sheria inambana mwajiri mpaka kwenye kiwango cha mtetemo anachopata mtu kwa siku, huku kwetu foremani anahesabu mita za zege tu.

Kingine, ukienda hospitali usiseme "mkono unauma" ukaishia hapo. Sema kazi yako, taja mashine, iandikwe kwenye faili. Magonjwa yatokanayo na kazi nayo yanaingia kwenye fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), na mchango ule anatoa mwajiri, hutakiwi kukatwa hata mia kwenye mshahara. Shida ipo kwetu wa deiwaka, vibarua wa kutwa, kontrakta wengi hawatuandiki popote, kwahiyo muulize kabla hujashika plaizi kama amejisajili na kama jina lako litakuwemo, akianza kuzungusha maneno ushapata jibu.