Waziri mkuu wa siku tano

SWALI: Mhariri, nasikia kwamba Rais Egal wa Somaliland aliwahi kuiongoza Somalia nzima. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Muhammad Haji Ibrahim Egal aliiongoza Somaliland huru kwa siku tano tu, tangu tarehe 26 Juni 1960 hadi ilipoungana na kusini tarehe 1 Julai, kisha akawa waziri mkuu wa Somalia kuanzia 1967 hadi mapinduzi ya Siad Barre ya 1969, ambayo yalimfikisha kizuizini kwa miaka mingi. Somaliland ilipojitenga tena na Somalia mwaka 1991, wazee wa koo waliokutana katika mji wake wa Borama walimchagua kuwa rais wake mwaka 1993, na mwaka uliofuata wananchi wakaanza kushika noti za shilingi yao wenyewe. Ajabu ni kwamba mpaka anafariki Pretoria, Mei 2002, hapakuwa na nchi hata moja iliyoitambua rasmi serikali yake.