Daktari hana funguo za nyumba kwenye droo

Shikamoo Shangazi. Mwanangu yuko London, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Goti limekwisha, na mtoto wake ana pumu. Ameiomba halmashauri imhamishe, lakini daktari wake wa familia hataki kumwandikia barua. Si ndiye anayemtibu? Au ampe chochote?
Mama wa Mbagala Rangi Tatu

Marahaba, mwanangu. Hicho "chochote" kiishie huko huko Rangi Tatu, kule kitamponza. Kabla sijarudi Ilala nilikaa mapokezi ya daktari wa familia London miaka tisa, na kila Jumatatu simu ya kwanza ilikuwa ya barua ya nyumba. Sisi tumezoea karatasi ya ED, ile ya kukuruhusu usiende kazini: daktari akiandika, bosi ananyamaza. Nyumba za kule haziendi hivyo. Sheria ya Nyumba ya 1996 inaitaka halmashauri iwape kipaumbele wanaohitaji kuhama kwa sababu za kiafya, ila anayepima ni halmashauri yenyewe, mara nyingi kwa daktari mshauri anayesoma karatasi tu bila kumwona mgonjwa. Daktari wa familia halazimiki kuandika, na akikubali anaweza kutoza.

Barua zenyewe, nisikufiche, nyingi zilikuwa mistari miwili: "Ana pumu, naomba asaidiwe." Foleni nzima ina pumu! Halmashauri inachotaka kujua ni nyumba ile inamuumizaje. Mama mmoja alituletea daftari la shule la mwanawe: ngazi sitini na mbili, anapumzika mara tatu, Jumanne alishindwa kushuka, mtoto hakwenda shule. Daktari akalisoma lote, ndipo akapata cha kuandika.

Basi mwanao ajaze mwenyewe fomu ya afya ya halmashauri kwa mtindo huo. Ukuta ukiwa na ukungu aupige picha, aseme mtoto anabanwa kifua chumba gani, saa ngapi. Kwa daktari aombe nakala ya rekodi zao, dawa na barua za hospitali, ambazo kwa kawaida hutolewa bure. Halmashauri wakimkatalia, aombe uamuzi upitiwe upya, na aangalie tarehe ya mwisho kwenye barua yao.

Na wewe, najua unanyemelea simu: usimpigie huyo daktari. Hatakwambia neno juu ya mgonjwa wake, hata umwambie ulimzaa wewe.