Kumkumbuka mama aliyefundisha kuchora

Dada yangu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Umeuliza namna ya kumkumbuka siku ya arobaini hapa Mwanza, yeye aliyefundisha sanaa shuleni miaka mingi na kuwalea ninyi kwa mikono ileile iliyoshika brashi, na umesema mnafikiria kuifunika michoro yake kwa plastiki ya moto ili isiharibike.

Nakusihi msifanye hivyo, kwa sababu plastiki ikishashikana na karatasi kwa joto haibanduki bila kuirarua. Ipigeni picha kwanza, mchana, penye kivuli na mwanga wa kutosha, kisha muihifadhi ikiwa imelazwa, kila mmoja ukitenganishwa na mwingine kwa karatasi safi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, maana unyevu wa ziwa huleta ukungu, jua hufifisha rangi za maji, na mchwa hawakawii kufika.

Katika wasifu wake, miaka ya kuajiriwa na kustaafu itatosha kutajwa kwa sentensi moja. Andikeni zaidi yale mnayoyajua ninyi tu: labda alivyowapeleka ufukweni kuchora Jiwe la Bismarck, ule mwamba ulio ziwani, au nani alisinzia mezani akimsubiri amalize kusahihisha. Waombeni wanafunzi wake wa zamani walete kazi alizowasahihishia, nazo mzitundike uani kwa kamba na vibanio vya nguo, chini ya turubai, wageni wazitazame kabla ya ibada kuanza.