Maswali ya wasomaji: Bia ya nyumbani iliyotoka nyekundu na kurusha povu

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mzaliwa wa Moshi na kwa miaka kadhaa sasa ninaishi Leeds, Uingereza. Hivi karibuni nilinunua kilo moja ya unga wa kimea cha shayiri na pakiti ya hopsi (maua yanayoitia bia uchungu na harufu), nikavichemsha pamoja kwa saa nzima, nikajazia maji ya bomba hadi lita 10 na kutia hamira yakiwa bado ya moto kidogo. Ndoo niliiweka kando ya rejeta ya kupashia nyumba joto, na siku ya tano, nilipoona povu limetulia, nikatia sukari na kujaza chupa. Nilikusudia bia nyepesi ya rangi ya dhahabu. Nilichopata ni kinywaji chekundu kama chai ya rangi, chenye harufu ya dawa ya vidonda, na chupa mbili nilizofungua zilirusha povu hadi darini. Nimekosea wapi? Naomba pia kujua kama ninaruhusiwa kuwauzia wenzangu, maana wameshaanza kuniulizia.

*Msomaji, Leeds*

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na chupa, kwa sababu rangi na harufu zitakuharibia starehe tu, ilhali chupa iliyozidiwa na gesi inaweza kukujeruhi. Zilizobaki zitie kwenye friji siku nzima, kwa kuwa bia ya baridi huishikilia gesi vizuri zaidi, kisha uzifungue juu ya sinki moja moja, ukiwa umeifunika kila chupa kwa taulo nene. Sisemi haya kwa kukutisha. Niliwahi kuhifadhi chupa 12 katika kabati la chini ya ngazi, na usiku mmoja tatu zikapasuka kwa kufuatana. Asubuhi nilikuta vipande vya kioo vimejichoma katika ubao wa mlango.

Nadhani kilichokuponza ni mazoea ya kwetu. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hunywewa ingali inachachuka, na hakuna anayeifungia gesi yake ndani ya kioo, kwa hiyo haraka haimdhuru mtu. Bia ya chupa ni lazima kwanza imalize kuchachuka ndani ya ndoo, na kutulia kwa povu si ushahidi kwamba imemaliza, kwani hamira huendelea kula sukari taratibu kwa siku nyingi baada ya hapo. Ushahidi ni haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kinywaji ukilinganishwa na maji, ambayo husoma 1.000. Kilo moja ya unga wa kimea katika lita 10 itakupa takriban 1.037 mwanzoni, subiri hadi ikaribie 1.009, na vipimo viwili vilivyopishana kwa siku tatu viwe sawasawa. Kwa kawaida hilo huchukua wiki mbili, nawe utapata kilevi cha asilimia 3.6 hivi, ambacho kwa bia nyepesi ya Kiingereza ya aina ya eli kinafaa kabisa.

Rangi uliiharibu jikoni. Kimea kikichemshwa chote kwa saa nzima hugeuka rangi, na kikitiwa moto ukiwa unawaka hugandia chini ya sufuria na kuungua. Safari ijayo chemsha lita 6 za maji, uzime moto, ukoroge nusu kilo ya unga mweupe kuliko yote utakaoupata hadi pasiwe na mabonge, ndipo uwashe tena. Yakianza kutokota, tia gramu 18 za hopsi ya East Kent Goldings yenye asidi za alfa (kiini cha uchungu wa hopsi) zipatazo asilimia 5, ambayo ndiyo itakayoleta uchungu, na usiondoke jikoni dakika hizo za kwanza, maana povu hupanda ghafla kama la maziwa. Zikibaki dakika kumi saa itimie, zima moto, tia nusu kilo iliyosalia, kisha uchemshe tena hadi mwisho. Gramu 10 nyingine za hopsi tia katika dakika tano za mwisho kwa ajili ya harufu.

Harufu ya dawa, kwa maelezo yako, naishuku klorini ya maji ya bomba, ingawa chombo kilichobaki na dawa ya klorini ya kufulia huleta harufu hiyo hiyo. Nusu kidonge cha Campden (kidonge cha salfiti cha wapika bia), kikisagwa na kugawanywa katika maji yote kabla ya kazi, huiondoa. Kisha ipoze togwa yako, yaani yale maji ya kimea na hopsi yaliyochemshwa kabla ya kutiwa hamira (mimi huiita hivyo kwa kuwa sijaona jina linaloifaa zaidi), kwa kuiweka sufuria ndani ya maji yenye barafu, uimimine katika ndoo iliyotakaswa, ujazie maji baridi hadi lita 10, na usitie hamira kabla haijashuka hadi nyuzi 20. Ndoo ikae mbali na rejeta, mahali penye nyuzi 18 hadi 20, kwani hamira ikipata joto kali hutoa ladha za vimumunyisho ambazo hakuna namna ya kuziondoa baadaye.

Wakati wa kujaza chupa, yeyusha gramu 50 za sukari kwa kila lita 9 za bia katika maji kidogo ya moto, uitie katika ndoo ya pili, kisha uvute bia kwa mpira polepole, ukiyaacha mashapo chini. Chupa zikae wiki mbili katika joto la kawaida la chumba.

Kuhusu kuuza, jibu ni hapana. Tangu 1963 Uingereza haidai leseni kwa anayejipikia bia ya kunywa nyumbani, lakini kuuza ni biashara yenye usajili na kodi zake. Wakaribishe wanywe bure.

SWALI: Je, hamira ya mkate haiwezi kutumika? Ni rahisi kuipata.

*Msomaji, Birmingham*

JIBU: Itachachusha, lakini haizami vizuri, hivyo bia hubaki na ukungu na ladha ya unga ulioumuliwa. Pakiti ya gramu 11 ya hamira ya eli inatosha zaidi ya lita 20. Tumia nusu, uikunje vizuri iliyobaki na kuihifadhi kwenye friji kwa mpiko wa karibuni.