Unakimbia kila siku, lakini umekula? Majibu ya maswali yenu

Maswali ya mwezi huu yameegemea upande mmoja. Wengi mmeanza mazoezi, na nawapongeza kwa dhati, ila mmeanza mazoezi na kujinyima chakula siku hiyo hiyo. Kuna ujumbe niliousoma mara mbili, moyo ukaniuma. Nimejibu saba. Wa kwanza nimeujibu kwa urefu kwa sababu wenye hali kama hiyo ni wengi.

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 34, kilo 82, urefu sentimita 160. Nafanya kazi ya ofisini. Siku tano kwa wiki nakimbia na kutembea dakika 40. Asubuhi nakunywa chai ya rangi bila sukari, mchana mayai mawili na tango, jioni ndizi mbivu moja, usiku supu ya kuku bila wanga wowote. Wiki mbili za mwanzo nilipungua kilo 4. Sasa ni wiki ya saba, mizani haisogei, napata kizunguzungu na nywele zinatoka. Nipunguze nini tena? – Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Usipunguze chochote. Ongeza.

Tupige hesabu pamoja. Ipo kanuni ya mwaka 1990 ambayo wataalamu wa lishe bado wanaitumia. Chukua kilo zako mara 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha kwa mwanamke toa 161. Kwako inakuja 1,489. Hizo ndizo kalori ambazo mwili wako unazihitaji hata ukilala kitandani kutwa nzima, kwa ajili ya moyo, ubongo, figo na joto la mwili. Ukizidisha kwa 1.375 kwa ajili ya kazi zako na mazoezi, unapata karibu 2,050. Nimetumia kizidisho cha chini kwa makusudi, kwani ukitoa zile dakika 40 muda mwingi unakuwa umekaa.

Chakula ulichonitajia hakifiki kalori 800. Pengo ni zaidi ya 1,200 kila siku, na pengo la kukutosha ni 400 hivi. Mtaani utaambiwa mwili "umezima" na hauchomi tena. Hauzimi. Unabana matumizi: unakupunguzia joto, unakuchosha ili ukae zaidi, na nywele unaziweka mwisho kwenye foleni. Uchovu na mazoezi mapya pia hufanya mwili ushike maji, kwa hiyo mafuta yanaweza kupungua na mizani isikuonyeshe. Na jiulize kwa utulivu, bila kujilaumu: zile siku unazomaliza chakula cha watoto au unazokwenda kwenye shughuli, unazihesabu?

Lenga kalori 1,650. Asubuhi kula mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu cha wastani na chai ya maziwa isiyo na sukari, jumla kama 410. Mchana kula ugali wa gramu 80 za unga, maharage kikombe kisichojaa, na mchicha mwingi uliokaangwa kwa nusu kijiko cha chakula cha mafuta. Hapo ni 560. Saa moja kabla ya mazoezi au mara baada yake, ndizi mbivu na karanga zinazojaa kiganja, 270. Usiku kipande kizuri cha samaki wa mchuzi mwepesi, wali uliojaa ngumi yako, na kachumbari, 410. Humo mna protini kama gramu 85, nayo ndiyo inayolinda misuli yako isiliwe pamoja na mafuta. Angalia sana mafuta ya kupikia: kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120, karibu sawa na robo tatu ya kile kiazi chako kizima.

Wiki ya kwanza mizani inaweza kupanda kilo moja au zaidi. Tafadhali usikimbie. Mwili ukipata wanga unauhifadhi pamoja na maji, kama gramu tatu za maji kwa kila gramu moja. Zile kilo 4 za mwanzo sehemu kubwa yake ilikuwa maji hayo hayo yakitoka. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, na upime kiuno kwa futi kamba. Kizunguzungu usikiache: nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu na presha.

SWALI: Mchana najizuia vizuri kabisa. Ikifika saa nne usiku nafungua sufuria na kula chochote, hata ugali wa baridi, halafu nalia. Mume wangu anasema sina msimamo. Ni kweli? – Morogoro

JIBU: Si kweli, dada yangu, na mume wako naomba asome hapa pia.

Mwishoni mwa mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwachukua vijana 36 wa kiume, wenye afya, waliojitolea. Kwa wiki 24 walilishwa takriban nusu ya chakula walichozoea, yaani kalori zaidi kidogo ya 1,500 kwa siku, na walitakiwa kutembea kama kilomita 35 kila wiki. Vijana wale walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi wakati wenzao wanatoka jasho. Mapigo ya moyo yalipungua. Waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama mtu asomaye riwaya, wakalamba sahani. Waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula maelfu ya kalori kwa siku na bado wakasema wana njaa. Walikuwa wamechaguliwa kwa uimara wao.

Sasa angalia: kalori ambazo wao waliziita njaa ni nyingi kuliko ambazo wengi wenu mnajiwekea kuwa ndiyo dayati, tena mkiwa na mazoezi juu yake. Kinachotokea kwako saa nne usiku ni mwili unaodai deni la mchana.

Kwa wiki mbili, kula kifungua kinywa chenye protini na chakula cha mchana kamili, hata kama usiku uliopita ulikula sana. Hasa kama usiku uliopita ulikula sana. Usijiadhibu kesho yake kwa kufunga, maana hapo ndipo duara linapoanza upya. Ikiwa baada ya hapo bado unakula hadi unaumwa, au unajitapisha, mweleze daktari waziwazi. Ni ugonjwa unaotibika.

SWALI: Saa yangu ya mkononi inasema nimechoma kalori 850 kwa saa moja ya jimu. Nina kilo 90. Nikizila zote jioni kuna ubaya? – Nakuru

JIBU: Saa hizo zinajua kuhesabu mapigo ya moyo kuliko kalori. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima saa za aina saba: kwenye kalori, iliyokosea kidogo zaidi ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyokosea zaidi kwa asilimia 93. Kipimo rahisi ni hiki: kukimbia kunatumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kwako kilomita 5 ni kama 450, na baadhi yake ungezitumia hata ukikaa.

Lipo jambo jingine ninalopenda kulisimulia kwa sababu limetoka kwetu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya vipimo vyao kwa Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu walizotumia kwa siku hazikutofautiana na za watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini. Mwili ukifanya kazi nyingi upande mmoja, unabana upande mwingine. Kwa hiyo usijilipe kalori zote ulizoonyeshwa. Ingiza mazoezi kwenye hesabu ya siku kama nilivyofanya kwa dada wa Mbagala. Siku utakayokimbia zaidi ya saa moja, ongeza ndizi mbili au kipande cha ugali, basi.

SWALI: Kukimbia na sweta na kujifunga nailoni tumboni kunayeyusha kitambi? – Tanga

JIBU: Hapana. Kinachotoka ni maji, na yatarudi ukinywa glasi mbili. Kwa joto la Tanga unaweza kuzimia barabarani. Vua.

SWALI: Mama, mimi ni mkimbiaji, miaka 21, kilo 48. Kocha alisema nipungue kilo 3 ili niwe mwepesi. Nakimbia kilomita 12 kwa siku. Nakula chai na mandazi asubuhi, na jioni ugali kidogo na sukuma wiki. Sijaona siku zangu miezi minne. Kocha anasema ni dalili niko fiti. Mguu unauma kwenye mfupa wa mbele. – Uasin Gishu

JIBU: Binti yangu, kocha wako amekosea, na katika hili simung'unyi maneno.

Kwanza pima mimba, kama kuna uwezekano, ili tulitoe hilo njiani. Kama haipo, kukosa hedhi miezi mitatu au zaidi huku unakimbia na kula kidogo ni alama kwamba mwili umeona hauna akiba ya kulea mtoto, ukafunga mlango. Homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa nayo hupoteza uimara. Ndiyo maana mguu wako unanitia hofu kuliko yote: maumivu ya mfupa mmoja kwa mkimbiaji anayekosa hedhi yanaweza kuwa ufa. Acha kukimbia hadi daktari auangalie.

Jambo hili linajulikana kwa miaka mingi. Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walilitolea tamko rasmi, wakasema linawapata hata wanaume. Hesabu yake iko hivi. Ukitoa mafuta, mwili wako una kama kilo 40. Kila kilo kati ya hizo inahitaji kalori 45 hivi kwa siku baada ya kutoa zilizokwenda kwenye mazoezi, na ikishuka chini ya 30 mambo huanza kuharibika. Kilomita 12 kwa uzito wako ni kama kalori 570. Kwa hiyo unahitaji karibu 2,400 kwa siku. Unachokula nakadiria hakizidi 1,500. Ukitoa 570, inabaki 930, yaani 23 kwa kila kilo.

Ongeza maziwa au mursik (maziwa yaliyochachushwa) kila siku, mayai, ndengu au maharage, parachichi, na ugali wa kushiba mara mbili kwa siku. Usikubali kupungua hata kilo moja sasa. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kukuletea damu kila mwezi bila kutatua tatizo, kwa hiyo mtu asikwambie umepona kwa sababu hiyo. Mpeleke mzazi au dada mkubwa kwa kocha mkaongee naye. Nitaendelea kukuombea, na ningefurahi ukiniandikia baada ya kumwona daktari.

SWALI: Ramadhani nafunga na nafanya mazoezi, lakini naongezeka uzito badala ya kupungua. – Zanzibar, Michenzani

JIBU: Tazama meza ya futari, ndugu yangu. Muhogo wa nazi, ndizi za nazi, sambusa, kachori, kaimati zenye shira, na juisi yenye sukari, vyote ndani ya nusu saa. Sisemi uviache, nami navipenda. Fungua kwa tende na maji, kisha uji, kaswali, halafu rudi ule chakula chenye samaki na mboga, na katika vya kukaanga uchague kimoja kwa siku. Wengi pia mnaacha daku. Msiiache: maharage au mayai na kiazi kitamu vitakufikisha Alasiri ukiwa na nguvu. Matembezi fanya saa moja kabla ya Magharibi, ya taratibu. Mazoezi mazito yaache hadi baada ya Tarawehe.

SWALI: Nina kisukari, natumia glibenclamide. Nataka kuruka kifungua kinywa na kutembea saa nzima ili nipungue haraka. – Mombasa

JIBU: Usifanye hivyo, baba. Dawa hiyo inaendelea kushusha sukari hata kama hujala, na matembezi yanaishusha zaidi. Unaweza kuanguka njiani. Mwambie daktari wako kwamba unataka kupunguza uzito ili aangalie upya dozi kabla hujaanza. Hadi hapo, kula kwanza, pima sukari, tembea dakika 30 na mwenzako, na uwe na glukosi au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye kikaratasi mfukoni. Ukianza kutetemeka au kutoka jasho la baridi, simama, ilambe yote, ukae chini, kisha upime tena baada ya dakika 15.