Boliti Nyeusi, Boneti Inayobanduka

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeachiwa na marehemu mjomba trekta dogo la bustani la miaka ya sitini, lile la kukatia nyasi, injini ya silinda moja. Nimelifungua lote hadi limebaki mifupa. Boliti, nati na washa niliamua kuzivika zinki (ngozi nyembamba ya kuzuia kutu) mwenyewe kwa umeme: ndoo ya siki nyeupe, chumvi ya Epsom, bamba la zinki na chaja ya betri ya gari. Mara ya kwanza zilitoka nyeusi kama masizi, ukizigusa kidole kinachafuka. Mara ya pili nilitumia chaja ndogo, zikatoka nzuri, nikapata moyo. Nikavika na mabano ya boneti, kisha nikayapaka rangi ya mafuta ya kijani moja kwa moja. Haijapita miezi minne, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Nimekosea wapi? Na je, nivike pia springi za pedali ya klachi na breki?

Mrithi wa trekta

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mjomba. Makosa yako ni mawili na hayahusiani, kwa hiyo tuyatenganishe.

Weusi ule ni umeme kuzidi. Zinki hutoka kwenye bamba, ikaogelea, ikaja kukaa kwenye boliti. Ukiisukuma kwa nguvu inafika kwa fujo na kujirundika kama unga, haikai ikawa ngozi. Kipimo ninachokitumia kwenye ndoo ya siki ni ampea 1 kwa kila sentimita 100 za mraba za chuma kilichozama, na mara nyingi nashuka chini ya hapo. Chukua boliti ya milimita 8 yenye urefu wa sentimita 3: ukijumlisha kichwa, shina na ncha, unapata kama sentimita 13 za mraba. Boliti kumi ni 130. Zinahitaji ampea 1.3 hivi. Chaja kubwa ya gari inaweza kukurushia 6 au 10 bila hata kukohoa. Ndiyo maana ile ndogo ilikufaa. Hukuwa na bahati, ulikuwa na ampea chache.

Kama huna cha kupunguzia umeme, unganisha balbu ya taa ya breki ya gari katikati ya waya mmoja. Balbu ya volti 12 na wati 21 haipitishi zaidi ya ampea 1.75 hivi, na inakuonyesha kwa macho: ikiwaka sana, vyuma vyako vimegusa bamba. Chaja za kisasa zenye akili zitakugomea, maana zinataka kuhisi betri kwanza ndipo zitoe umeme. Tafuta ya kizamani. Chanya kwenye bamba la zinki, hasi kwenye boliti. Ukigeuza, boliti ndiyo itakayoliwa.

Muda je? Ampea 1 kwa saa nzima huhamisha gramu 1.2 za zinki. Ukizitandaza kwenye sentimita 100 za mraba unapata maikroni 17 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kama hakuna umeme uliopotea. Na kwenye siki unapotea, ndivyo vile viputo unavyoviona. Maikroni 8 zinatosha kwa boliti ya ndani ya banda, kwa hiyo nusu saa hadi dakika 45, ukiigeuza katikati ya safari, kwa sababu upande unaotazama bamba hupata zaidi. Usiwe na tamaa. Kwenye uzi wa boliti unene huhesabiwa mara nne, kwa vile uzi una kuta mbili zilizolala na boliti ina pande mbili. Ukivika kwa muda wa saa tatu, nati itakataa kuingia halafu utalaumu spana.

Lakini hujaniambia ulisafisha vipi, na hapo ndipo kazi hii inaposhinda au inaposhindwa. Nina nati moja mezani hapa ninapoandikia. Niliisugua kwa brashi ya waya, nikaiosha kwa sabuni, nikaitia kwenye asidi, nikaisuuza, ikang'aa. Kisha simu ikalia, nikaihamishia mkono wa pili bila glavu. Nilipoitoa kwenye ndoo, zinki ilikuwa imekaa kila mahali isipokuwa alama ya dole gumba langu, mistari yote inaonekana kama kwenye kitambulisho. Sijaitupa. Jaribio lako liwe maji: chovya chuma kwenye maji safi, kiinue. Maji yakitandaa kama shuka, endelea. Yakijikunja yakawa matone, kuna mafuta, rudi kwenye sabuni.

Kutu nzito mimi huitoa kwa umeme pia, ila kwenye ndoo nyingine yenye soda ya kufulia, kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4 za maji, chuma chenye kutu upande wa hasi na kipande cha chuma cha kawaida upande wa chanya. Si chuma kisichoshika kutu! Watu hukipenda kwa sababu hakiliwi haraka, kumbe kinaachia kromu ya sumu kwenye maji. Wala usitie chumvi ya mezani kuharakisha kazi, utajifukizia klorini. Fanyia nje au mlango ukiwa wazi, mbali na moto, kwani viputo vya upande wa hasi ni hidrojeni. Kabureta na chochote cha alumini kisiingie humo kabisa, soda itakitafuna.

Sasa springi. Hapana. Ile hidrojeni niliyoitaja hutoka hata kwenye ndoo ya siki, na haiendi yote hewani, nyingine inapenya ndani ya chuma. Chuma laini hakijali. Chuma kigumu kilichokazwa kwa moto kinakuwa kama kioo: kinaonekana kizima, unakifunga, kinabeba mzigo siku moja au wiki moja, halafu kinakatika ghafla bila kupinda. Viwandani huvioka vyuma vya namna hiyo kwenye nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi kwa saa kadhaa, mara tu vinapotoka kwenye bafu, yaani maji ya kuvikia. Usinijie na hoja ya jiko la nyumbani, hujui chuma chako kilikazwa kiasi gani. Springi zisugue kwa brashi, zipake rangi, basi, na asidi isiziguse. Boliti nazo zisome vichwani: mistari mitatu iliyochorwa kutoka katikati ni daraja la 5, hiyo vika. Mistari sita ni daraja la 8, iache. Kama ni za milimita, iliyoandikwa 8.8 vika, 10.9 na 12.9 ziache. Chochote cha usukani au breki nunua kipya.

Tuje kwenye rangi. Mwanangu, umetengeneza sabuni. Sikutanii. Rangi ya mafuta ikikaa juu ya zinki tupu, mafuta yake na uso wa zinki hutafutana, unyevu unawasaidia, na kati yao inazaliwa tabaka nyembamba ya sabuni. Rangi yenyewe ni nzima kabisa, ndiyo maana inabanduka kwa vipande vikubwa vyenye nguvu. Ila imekaa juu ya utelezi. Ungepaka makoti kumi yangebanduka yote kumi.

Bandua yote, na isiyotaka kutoka itoe kwa dawa ya kuondolea rangi. Osha, kausha, kwaruza zinki kidogo kwa msasa namba 320 (kidogo, isije ukaitoa yote), kisha paka praima (rangi ya msingi) ya epoksi ya mafungu mawili. Juu ya hiyo, kijani chako kitakaa. Soma kopo uone muda wa kupaka juu yake: ukichelewa ukaupita, utarudia msasa. Kwa maoni yangu, mabano yale hayakuhitaji zinki hata kidogo. Ninavika kile kinachoguswa na spana, kwa sababu spana huparua rangi. Kilichobaki kinapata praima juu ya chuma kisafi. Inaokoa siku nzima.

Mawili ya afya. Rangi ya zamani ya boneti hiyo, kwa umri wake, ihesabu kuwa ina madini ya risasi mpaka upime. Msasa wa maji, si mkavu, na watoto mbali. Pili, rangi za kupuliza zenye kigumishi cha isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, si za banda la nyumbani, barakoa ya karatasi haizuii kitu. Kwa trekta la kukatia nyasi, rangi ya kawaida isiyo na kigumishi, brashi nzuri na subira ya wiki mbili inatosha. Mistari ya brashi? Injini ikianza kutikisika hakuna atakayeiona.

SWALI: Fundi, boliti za kiwandani zina ule umanjano wa dhahabu. Nami naweza kuupata nyumbani?

Mpenda dhahabu

JIBU: Ule umanjano wa zamani ni kromati, na dawa yake ina kromu ya aina inayosababisha saratani. Mimi sitaki iwe karibu nami. Sugua zinki yako kwa brashi laini ya shaba, pitisha kitambaa chenye oili nyepesi, na uipende ikiwa na rangi ya fedha.

SWALI: Maji ya ndoo nimwage wapi nikimaliza?

Bila jina

JIBU: Usimwage. Yachuje, yanatumika tena na tena, na kwa kweli bafu langu la pili huwa bora kuliko la kwanza kwa sababu limeshajaa zinki. Siku ukiyachoka, yapeleke wanakopokea taka za kemikali; zinki ni sumu kwa samaki, mtaro si mahali pake. Na chupa iandikwe kwa herufi kubwa pande zote mbili, maana bado inanuka siki.